Gari la Mkunga

Mume wangu hamalizi chai. Nimeishi naye miaka yote hii, nimemzalia watoto ambao sasa wako shule za bweni, na sijawahi kumwona akifika chini ya kikombe. Atakaa, atakoroga, atapiga mafunda mawili, halafu shingo itanyooka kama ya jogoo aliyemwona mwewe. "Unasikia?" Nisikie nini? "Ile feni. Inalia." Feni haina neno, inazunguka kama feni za watu wengine, lakini yeye kashainuka, kashatafuta bisibisi, na chai inabaki mezani inaganda utando. Siku ya harusi yetu aliniacha kwenye kiti cha bibi harusi akaenda nyuma ya ukumbi kusikiliza jenereta. Shangazi yangu aliniambia siku hiyo hiyo, "Mwanangu, umeolewa na masikio." Nikacheka. Nilikuwa mjinga.

Kazi yake ni fundi wa lifti. Yale maghorofa ya mjini, yenye ofisi za watu wa tai, yeye ndiye anayepanda mpaka juu kabisa, kwenye kile chumba chenye mota, akasikiliza kamba za chuma zinavyopita. Siku nzima anasikiliza. Kitu kikigugumia kidogo tu, hana raha mpaka kinyamaze. Wakubwa wake wanamsifu kwa hilo. "Lifti nzuri," huwa ananiambia kwa fahari, "ni ile ambayo mtu akishuka hajui kama alipanda." Kazini, sawa. Taabu ni kwamba sheria hiyo alikuja nayo nyumbani, na mimi ni fundi cherehani. Nyumba yenye cherehani haiwezi kunyamaza hata kwa dawa.

Mtaani wanamwita Bado Kidogo. Jina alipewa na kinyozi wa ng'ambo ya barabara, mtu ambaye ulimi wake unanyoa kuliko wembe. Alimwona akipaka rangi geti letu, akaikwangua, akaipaka tena, akaikwangua, kwa sababu palikuwa na alama ya brashi aliyoiona yeye peke yake. Kila mpita njia aliyemuuliza kama amemaliza alipewa jibu lile lile. Basi likawa jina. Hata mimi nikikasirika namwita hivyo, na anaitika.

Sasa gari. Gari si lake, tuelewane tangu mwanzo. Gari ni la mama yake.

Mama mkwe wangu alikuwa mkunga. Zamani hizo, kabla hata sijaijua nyumba hii, mhandisi mmoja mgeni alikuwa anarudi kwao na alikuwa na gari la Kijapani la mashindano: milango miwili, viti viwili, pua ndefu, makalio mafupi. Wanaume walilizunguka, wakalisifu, wakaliacha. Mwenye familia atamweka wapi mke, watoto na gunia? Mkunga akalichukua. Alisema yeye hubeba mkoba na roho yake tu, na mtoto anayekuja hahitaji kiti.

Basi ikawa mwanamke wa sare nyeupe, miwani usoni, anapita mitaani na gari la mashindano akienda kuzalisha. Injini ile haikunguruma, ilibweka. Ilikuwa na kabureta tatu, na mama anasema kila moja ilikuwa na tabia yake, kama wake watatu wa mume mmoja. Wanawake wenye uchungu waliisikia ikikata kona ya mbali, wakashika godoro wakasema, "Mkunga huyo anakuja, ngoja kidogo wewe, usitoke." Nusu ya watu wazima wa mtaa huu waliisikia injini ile kabla hawajasikia sauti za mama zao. Ule mshale wa kuonyesha injini inazunguka kwa kasi gani ulikufa mapema, na hakuutengeneza. Alibadilisha gia kwa sikio. "Gari linakuambia," alikuwa akisema, "kama mwanamke anavyokuambia. Ukilikodolea macho sana hulisikii."

Alipostaafu, gari nalo likastaafu. Likakaa uani kwetu chini ya turubai, tairi zikashuka pumzi, kuku wakataga kwenye kiti cha abiria. Mama alikuwa akiokota mayai anasema, "Angalau bado mnazaa humu."

Kisha yakaja mambo ya macho. Alianza kumimina chai nje ya kikombe. Alianza kuupiga bega mlango na kuutukana mlango. Nikampeleka kwa daktari wa macho, na daktari akasema ni presha ya macho, imeshakula pembeni, sasa inakuja katikati. Dawa itachelewesha, kilichopotea hakirudi. Mama alisikiliza mkoba ukiwa mapajani, kana kwamba anaelezwa habari za jirani. Tulipokaa mezani, sote watatu, ndipo akafungua kinywa.

"Nataka kuendesha gari langu. Mara moja tu, huku naliona. Baada ya hapo giza lije, likitaka."

Mume wangu alikuwa ameshika kikombe. Akakiweka, akatoka. Nikasikia turubai linavutwa uani na kuku wanapiga kelele za kuhamishwa.

Nitasema haki yake: mwanzo alifanya kazi ya mwanamume. Alirudi kutoka kazini, hakubadili hata shati, akaingia chini ya gari. Kutu ilikuwa imeila sakafu, ukikaa unaiona ardhi katikati ya miguu yako. Akaikata yote, akachomelea bati jipya, akapiga msasa bodi nzima mpaka sote tukawa tunapiga chafya za rangi ya kutu. Nyumba ikageuka gereji. Milango ya gari ililala juu ya kitanda cha watoto. Boneti ilisimama koridoni. Ukienda chooni lazima uipishe kama mkwe. Mteja wangu mmoja alikuja kupima gauni la harusi, akakalia kitu akidhani ni kigoda, kumbe ni giaboksi, akaondoka na muhuri wa grisi sehemu nisiyoitaja. Na injini, injini nzima, aliibeba yeye na kinyozi na wateja wawili wa kinyozi, mmoja kanyolewa upande mmoja tu, wakaitua sebuleni kwangu, kwenye kona ya kazi.

"Kwa muda tu, mama watoto," akasema, anahema.

Nikaifunika shuka jeupe, nikalaza ubao juu yake, ikawa meza yangu ya pasi. Na meza imara kama ile sijapata kuwa nayo. Mama akipita alikuwa anaingiza mkono chini ya shuka, anaigusa, anasema, "Hujambo wewe," halafu anakwenda zake.

Kama angeishia hapo, kulisafisha gari na kulirudisha lilivyokuwa, mambo yangekwisha mapema. Lakini mume wangu haishii. Breki za zamani akasema hazifai kwa mtu mzima, akaweka za diski. Sawa, nikakubali. Usukani akasema mzito, akatafuta ule wa pampu, laini, unaugeuza kwa kidole. Haya. Rimu zikawa pana zaidi. Shokapu zikawa mpya, za kukufanya usijue kama umepita shimo. Kisha siku moja naona analeta injini nyingine, ya kisasa, ameing'oa kwenye gari dogo la familia lililoangukiwa na mti. Injini yenye kompyuta. Anapima, anakata, anachomelea upya pale pa kuishikizia.

"Na hii ya mama?" nikauliza, mkono juu ya meza yangu ya pasi.

"Ile ina kabureta tatu, hazielewani. Inatetemeka, inanuka. Hii utaiwasha na hutaisikia."

"Mama aliomba gari. Hakuomba lifti."

"Bado kidogo, mama watoto. Nataka apate kitu kizuri."

"Macho yake yamekuahidi kukusubiri?"

Akageuza shingo. Alikuwa anasikiliza friji.

Msidhani mama mwenyewe alikaa kimya. Kila asubuhi alitoka uani, akauliza, "Linawaka?" Na kila asubuhi akajibiwa bado kidogo, mama. Kuna siku aligeuza ndoo tupu ya rangi, akaikalia mbele ya mwanawe.

"Mwanangu, mtaa huu karibu wote umepita mikononi mwangu. Wametoka wenye masikio ya ungo, wametoka wenye vichwa vya tikiti, kama huyo kinyozi. Hakuna hata mmoja niliyemrudisha ndani ati nimnyooshe pua kwanza."

Kinyozi alisikia kutoka kule kwake, akapiga makofi, wembe mkononi. Mume wangu naye alicheka. Alicheka, halafu akaendelea kubandika sponji ndani ya mlango wa gari, ili upepo usisikike.

Ilikuwa inaniuma, sisemi uongo. Nilikuwa nashona dirishani na ninamwona mama anavyotembea. Zamani alikata uwanja katikati kama mwenye nyumba. Sasa alipita pembeni kwa kugusa: kamba ya nguo, pipa la maji, pembe ya gari, mlango. Anafika, anasimama, anarudi tena. Ukimuuliza anatafuta nini anasema ananyoosha miguu. Mwanawe hatulii, mama hatulii, na mimi katikati nakanyaga cherehani kana kwamba ina magurudumu na nitatoroka nayo. Nyumba haikukalika. Tulikuwa tunakula kwa haraka, kama watu wanaosubiri kuitwa.

Nikamgombeza mume wangu mpaka maneno yakaniishia. Nilimnunia. Nilimpikia bila chumvi. Alikula na hakuligundua hilo, mtu ambaye anasikia mchwa akitafuna.

Lakini siku ilifika, na siwezi kumnyima sifa: gari lilikuwa zuri mpaka linaudhi. Jekundu, linang'aa, ukilisogelea unaona meno yako mwenyewe. Wateja wa kinyozi walitoka na vitambaa shingoni. Mama alivaa gauni la bluu nililomshonea kwa ajili hiyo, na viatu vyake vya kazi vya zamani, vile vya kamba. Mwanawe akamshika mkono, akamkalisha kwenye usukani. Mama akapapasa kiti, akapapasa gia. Akageuza ufunguo.

Injini ikawaka. Mimi nilijua kwa sababu nilikuwa naliangalia bomba la moshi, nikaona jani kavu limetikisika. Mama akangoja. Akangoja tena. Halafu akageuza ufunguo mara ya pili.

Krrrrr! Vyuma vikasagana, mume wangu akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Mama, usigeuze! Limeshawaka!"

"Limewaka?"

"Limewaka, mama. Sikiliza."

Akainamisha kichwa. Alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza matumbo ya wanawake, sikio limeelekea chini, pumzi imebanwa. Mume wangu alikuwa amesimama pale na uso ulio tayari kusifiwa, kama mtoto aliyeleta ripoti ya shule. Mama akaweka viganja vyote viwili juu ya usukani, akavitoa.

"Gari zuri," akasema. "Ni la nani?"

"Lako, mama. Kwani hili si lako?"

"Langu lina mdomo. Hili ni bubu."

Akashuka, akaenda ndani, vidole vinapita ukutani. Watu wa kinyozi wakarudi kunyolewa.

Mume wangu alikuja akakaa mezani. Nikamwekea chai. Feni ilikuwa inagonga, inagonga kweli, hata mimi niliisikia. Hakuinuka. Nikaingiwa na hofu. Mtu anayehangaika nilikuwa nimemzoea, najua pa kumshika. Huyu aliyetulia sikumjua.

"Nimeharibu," akasema. "Nimemtengenezea mama yangu lifti."

Nilikuwa na maneno ya kumwambia, yote ya haki, na yote yalikuwa yameshafika kwenye meno. Nikayameza. Nilimpenda sana saa ile na bado nilikuwa nimekasirika, vyote viwili kwa pamoja, na mwanamke yeyote aliyeolewa atanielewa. Nikaenda kwenye kona yangu, nikachomoa pasi, nikaiweka chini. Nikaondoa ubao. Nikavuta shuka.

"Hii hapa. Haijaenda popote. Wanunua vyuma chakavu walikuja, nikawatoa na mkasi."

"Inatetemeka," akasema, kwa sauti ya kuisha. "Inakohoa."

"Mama yako naye anakohoa. Umeshamfunga sponji?"

Akacheka bila kupenda, na kabla kicheko hakijaisha kikageuka kilio. Nikamwacha alie. Halafu nikamwambia ainuke.

Safari hii hakuna aliyesikia bado kidogo. Aliomba likizo kazini, jambo ambalo hakulifanya hata mimi nilipojifungua. Injini mpya ikatoka, ya zamani ikarudi, kinyozi na wateja wake wakabeba kwa mara nyingine huku wakidai wapewe mishahara. Sponji zikang'olewa. Usukani wa zamani ukarudi. Breki mpya tu nilikataa zisiguswe, na mama akaniunga mkono: "Gari lisimame likiambiwa, hapo sina ugomvi."

Mama ndiye aliyezirekebisha kabureta. Alikaa juu ya ndoo yake, kando ya boneti iliyo wazi, amefumba macho, akawa anamwelekeza mwanawe kama mwanafunzi wa ukunga.

"Huyo wa katikati ana pupa, mpunguze. Siyo hivyo, sasa umemnyima kabisa. Mrudishie. Haya. Huyo wa mwisho mvivu, mwamshe."

"Lakini mama, kuna kitu kinagonga huku chini."

"Kiache. Kinagonga hicho tangu hujazaliwa. Kikinyamaza ndipo uogope."

Mwanawe akageuza bisibisi robo, akageuza tena robo, na mara injini ikabweka. Ilibweka mpaka kuku wakaruka ukuta. Nyumba ya tatu kutoka kwetu, bibi mmoja muuza mitumba, mtu mzima mwenye wajukuu, akatoka mbio amejishika tumbo. "Jamani! Mkunga kaja na mimi sina mimba!" Mtaa ulicheka mpaka watu wakashikana. Mama alicheka kuliko wote. Mume wangu alikuwa bado ana ile bisibisi mkononi. Niliona anavyoitaka ile injini, anavyotaka kukitafuta kile kinachogonga. Akaitia bisibisi mfukoni.

Palikuwa na uwanja wa kiwanda cha matofali kilichofungwa, mpana, hauna mti, hauna shimo, hauna mtu. Mama mwenyewe aliomba vitambaa. "Nyeupe bado naiona," akaniambia. "Nitundikie nyeupe kwenye kila pembe, nijue pa kukata kona." Nikachukua lile shuka lililofunika injini, nikalikata, nikapinda kingo vizuri, maana kitu kitokacho mkononi mwangu hakichanikichaniki. Mume wangu aliliendesha gari mpaka kule, mama kando yake. Mimi nilifuata nyuma kwenye pikipiki ya kinyozi, ambaye alinishusha akawahi wateja. Mimi na mume wangu tukasimamisha miti kwenye pembe, yeye anashika, mimi natundika, na kila kitambaa alikipima kwa jicho lake lile lisilosamehe alama ya brashi.

Viti ni viwili. Mume wangu akataka kuingia.

"Wewe baki nje," mama akamwambia. "Utaanza kusikiliza vitu. Nipe mkwe wangu."

Nikaingia, roho juu juu. Mama akakanyaga klachi, akatia gia, na gari likatoka kama lililokuwa limefungwa kamba miaka yote hiyo. Nikashika mlango. Akatia ya pili, sikio limeinama kidogo, hajakosea hata nukta. Kiti kilinitetemesha mpaka meno, petroli ilininukia puani, na mama alikuwa ameinua kidevu, anatabasamu kama msichana aliyetoroka kwao. Nikasema moyoni, Mungu ni mwema, tumewahi.

Kitambaa cha kwanza kikawa kinakuja. Kikawa kikubwa. Hakukata.

"Mama, kitambaa."

"Kipi?"

Kilikuwa mbele yetu, kipana kama mlango, kinapepea.

"Kushoto, mama! Kushoto!"

Akakata. Vumbi likatufunika, matairi yakalia, gari likanyooka. Mwendo hakupunguza.

"Mama, huoni!"

"Punguza sauti. Mwanangu anatutazama."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya lile bubu. Ningegeuza ufunguo mara mbili kama ningekuwa naziona taa za dashibodi?"

Nikakumbuka breki, usukani, rimu, shokapu, injini ya kompyuta, sponji. Kila bado kidogo ikapita mbele yangu. Na yeye akajua ninachokikumbuka, maana alishapita huko peke yake, akigusa kamba ya nguo na pipa la maji, anasema ananyoosha miguu.

"Asijue," akasema. "Yule akijua, hatakunywa chai mpaka anakufa. Wewe nisemee tu. Kusema si umejaliwa?"

Basi nikamsemea. Nilikuwa nalia kwa nguvu zote na nasema, nyooka mama, nyooka, sasa kushoto, nyooka. Na yeye akawa anakata kona kama anayekata utepe. Nilikuwa na hasira na mume wangu ambayo sijapata kuwa nayo tena, na nilikuwa na furaha, na sikujua nifanye nini na vitu hivyo viwili, kwa hiyo niliendelea kusema kushoto. Tulizunguka mpaka vumbi likawa ukuta.

"Basi, mama. Tusimame sasa."

"Bado kidogo," akasema, akaongeza gia.

Alipotosheka akakanyaga breki, gari likasimama palepale, akazima. Mume wangu alikuja mbio, shati limejaa upepo.

"Mama! Uliviona vitambaa?"

"Vyeupe pe! Ila kile cha kule mwisho mkeo amekitundika upande."

Sasa, mimi ni fundi cherehani. Situndiki kitambaa upande. Na mume wangu ndiye aliyenishikia mti. Akageuka kukitazama kile cha mwisho, na kilikuwa kimenyooka kama mstari wa daftari. Akanitazama mimi. Uso wangu ulikuwa vumbi tupu na michirizi miwili ya machozi. Akamtazama mama yake, ambaye alikuwa anatabasamu kuelekea mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Nikangoja alipuke. Nilikuwa tayari kutoka nimshike. Alianza kutembea kwenda kule mwisho, polepole, uwanja mzima, na mimi sijawahi kumwona mtu yule akitembea polepole. Akafika. Akaishika pembe ya kitambaa, akaivuta kidogo, akaiachia. Akasimama kitambo ametupa mgongo.

"Sasa kimenyooka, mama!" akaita kutoka kule, na sauti yake ilikuwa imepasuka.

Mama akaigeuzia uso ile sauti. Lile tabasamu likaondoka, akabaki ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Mwenye macho haambiwi tazama," akasema taratibu, na hakuwa akiniambia mimi.

Halafu akanigusa goti. "Haya, nisemee," akasema, akageuza ufunguo. Mara moja tu.